Damu ya Kabla ya Chai

Haya ninayoyaandika ni kweli tupu, kuanzia neno la kwanza hadi nukta ya mwisho. Sikuyaota, sikuyapata kwa mtu aliyeyapata kwa mtu, wala sikuyatunga kwa sababu nimestaafu na sina pa kwenda asubuhi. Naapa kwa meno yangu sita yaliyobaki. Nchi yenyewe siitaji jina. Si kwamba naogopa. Kuwatajia ninyi jina la nchi ile ingekuwa kama kumtambulisha mtu kwa mkewe mwenyewe.

Katika nchi ile palikuwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Vinasaba, Sukari, Moyo na Mengineyo. Jengo lake lilikuwa la vioo, ghorofa tano, na lilipendeza sana kulitazama ukiwa barabarani. Ndani mlikuwa na mashine ya kusoma vinasaba, iliyonunuliwa ng'ambo kwa bei ya hospitali mbili. Walikuwa wameifunika kitambaa cha kudarizi na kuiwekea maua ya plastiki juu, maana ilikuwa bado haijazinduliwa. Sheria ya nchi ile kila mtu aliielewa: kitu cha serikali hakifanyi kazi mpaka kizinduliwe na mgeni rasmi. Lifti ya Taasisi, kwa mfano, ilizinduliwa ikiwa chini. Tangu siku hiyo haikupanda, na hakuna aliyeilaumu.

Humo ndimo alimofanya kazi Mwantumu Feruzi, fundi wa maabara, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Mwanamke wa maneno machache, vidole vyake vinaupata mshipa wa damu hata kwenye mkono wa mtu aliyekonda kama ufito. Aliishi na wazazi wake nyuma ya stesheni ya reli. Baba yake, Mzee Feruzi, alikuwa tarishi wa Wizara ya Afya kwa miaka thelathini na moja. Sasa ana miaka sabini na miwili, anachota maji mwenyewe, anamenya muwa kwa meno, na kidonge hajawahi kumeza. Mgonjwa alikuwa mama, Bi Siwema. Sukari ilimshika miaka kumi na minne iliyopita, na tangu hapo uhai wake ni sindano ya insulini, asubuhi na jioni.

Na insulini ilikuwa hakuna. Yaani, ilikuwepo. Mwantumu aliiona kila siku kwa macho yake: makasha mia tatu kwenye chumba cha baridi cha Taasisi, yamefungwa utepe wa rangi za bendera na kupigwa kufuli. Lakini kila alipokwenda kwenye dirisha la dawa la hospitali, mfamasia alimjibu kwa upole uleule: "Dawa ipo, dada. Inasubiri uzinduzi."

*

Kabla ya kuzindua dawa ilibidi kwanza wagonjwa wagunduliwe. Ukaitishwa Utafiti Mkuu. Watu elfu nne wakakusanywa kwenye uwanja wa michezo, kila wilaya na basi lake. Maelekezo ya kitaalamu yalikuwa mepesi: damu ipimwe kabla mtu hajatia kitu kinywani tangu jana yake. Watu wakatii. Saa moja asubuhi walikuwa wameketi kwa safu, matumbo yakinguruma kizalendo.

Lakini damu haitolewi kabla mgeni rasmi hajafika. Mgeni rasmi alikuwa Waziri wa Afya, na kwa kuwa aliandikwa saa mbili, alitarajiwa saa saba. Hapo Idara ya Itifaki ikaingia kazini. Idara hii ilikuwa na kitabu chake cha mwongozo, na kitabu kilisema wazi kwamba mwananchi hatamsubiri kiongozi akiwa na njaa, asije akaanguka mbele ya kamera. Ikaletwa chai ya maziwa, vijiko vinne vya sukari kila kikombe, na maandazi yanayong'aa mafuta. Saa nne ikaletwa tena. Saa sita, kwa kuwa msafara ulionekana kwa mbali, zikaletwa soda. Ulikuwa msafara wa mtu mwingine.

Mwantumu akamkuta baba yake safu ya tatu, kikombe cha tano mkononi.

"Baba! Si umeambiwa usile?"

"Nimeambiwa na nani?"

"Na sisi. Watu wa utafiti."

"Na huyu aliyenimiminia ni nani?"

"Itifaki."

"Basi nendeni mkaelewane huko ofisini kwenu," akasema Mzee Feruzi, akachovya andazi. "Miaka thelathini na moja nimeipelekea serikali hii barua zake. Leo ndiyo mara ya kwanza inanipa chai."

Waziri akafika saa saba na nusu. Mapigo ya moyo yakapimwa wakati ving'ora vya msafara vinapita na watu wanaruka pembeni wasikanyagwe. Uzito ukapimwa baada ya kila mtu kukabidhiwa zawadi yake: mfuko wa sukari wa kilo tano wenye picha ya Waziri akitabasamu. Kila mtu akapanda mizani ameukumbatia mfuko wake, kwa sababu kuiweka picha ya Waziri chini ni kosa la jinai. Kisha ndipo ikatolewa damu.

Wiki mbili baadaye matokeo yakasomwa redioni. Asilimia tisini na nane ya taifa walikuwa na kisukari cha kurithi, moyo mbovu, na kilo tano za ziada.

*

Mwantumu alipanda ngazi hadi ghorofa ya tano, kwa Mkurugenzi. Profesa Mashombo alikuwa na shahada nyingi kiasi kwamba kibao cha jina lake mlangoni kilikunja kona na kuendelea ukutani.

"Shikamoo, Profesa. Samahani. Watu wale walikunywa chai."

"Chai gani?"

"Ya sukari, Profesa. Na maandazi. Ile si damu ya kabla ya kula. Tumepima chai."

Profesa akavua miwani, akaipangusa kwa tai. "Bi Mwantumu, kwenye fomu ya utafiti kuna mahali pa kuandika chai?"

"Hakuna."

"Basi kisayansi hawakunywa."

"Profesa, hata wewe ulikunywa. Nilikuona."

"Hiyo ni Itifaki. Itifaki wako ghorofa ya pili. Sisi na wao hatuingiliani." Akamwonyesha kiti, kwa huruma. "Wewe ni fundi, mama, macho yako yameganda kwenye kichupa. Niambie, hii asilimia mbili waliokutwa wazima, ni akina nani?"

"Ni waliochelewa kufika. Hawakuikuta chai."

"Umeona!" Profesa akapiga meza, kalamu zikaruka. "Kuchelewa ni kinga! Anayechelewa hashikwi na kisukari. Na katika nchi hii wanaochelewa kuliko wote ni akina nani? Viongozi. Ina maana wana kinasaba cha kuchelewa. Kinawalinda, na kinarithiwa, ndiyo maana watoto wao nao huwa viongozi. Nimekwisha kukipa jina la Waziri."

"Umekionaje, Profesa, na mashine haijazinduliwa?"

"Kwa uzoefu," akasema Profesa.

Mwantumu akashuka ngazi. Alipofika ghorofa ya pili alisimama mbele ya mlango wa Itifaki, akasikia vijiko vinagonga vikombe ndani. Akaendelea kushuka.

*

Barua ilifika nyumbani siku ya Jumatatu, na Mzee Feruzi akaisoma kwa sauti akiwa amesimama, kama alivyozoea kuzisoma za watu wengine. Kwa kuwa damu yake ilikutwa na sukari nyingi kuliko ya mwananchi mwingine yeyote, Serikali imempa heshima ya kuwa Mgonjwa Namba Moja wa Taifa. Jumamosi, siku ya uzinduzi, atadungwa sindano ya kwanza mbele ya kamera.

"Namba Moja," akasema, akimtazama mkewe. "Na wewe uliyeumwa miaka kumi na minne hujawahi kupewa hata namba."

"Mimi si mgonjwa," akajibu Bi Siwema kutoka kitandani. "Muulize mwanao."

Ilikuwa kweli. Mwantumu alikuwa ameuliza. Wagonjwa wa zamani hawamo kwenye orodha, kwa sababu hawakugunduliwa na mradi.

"Baba, kaa chini," akasema Mwantumu. "Huna sukari wewe. Una chai ya vikombe vitano. Insulini inashusha sukari. Mtu asiye mgonjwa ukimdunga kipimo kile wanachotaka kukudunga, inashuka mpaka inakwisha. Utalala palepale jukwaani, na hatakuamsha mtu."

Mzee akaikunja barua taratibu. "Nikikataa?"

"Imeandikwa ukurasa wa pili. Kukataa ni dalili ya ugonjwa."

Kisha Bi Siwema akainuka kwa kiwiko. "Hebu nielewe. Hiyo wanayotaka kumuulia baba yako, ndiyo hiyohiyo wanayoninyima mimi?"

"Ndiyo, mama."

"Chupa ileile?"

"Ileile."

Bi Siwema akacheka mpaka akakohoa. Chupa yake iliyokuwa kwenye mtungi wa maji, isipate joto, ilikuwa imebaki kina cha ukucha.

*

Jumamosi makasha mia tatu yalipangwa jukwaani chini ya turubai, na kufuli zake. Kwenye sinia kuliwekwa chupa moja tu ya kuzindulia, na bomba la sindano. Bomba lenyewe lilikuwa la kuchanjia ng'ombe. Lile la watu, watu wa televisheni walilalamika, halionekani kwenye picha. Mwantumu ndiye aliyepewa kulishika sinia hilo.

Mzee Feruzi aliketi kwenye kiti cha plastiki, koti lake la harusi limemlegea mabegani. Waziri akafika saa saba. Nyimbo zikaimbwa, risala ikasomwa, Profesa akafafanua kinasaba cha Waziri huku Waziri akiinamisha kichwa kwa unyenyekevu. Mwantumu akasogea na sinia lake hadi kwa Bwana Chambuso, mkuu wa Itifaki, ambaye alikuwa akihakiki viti kwa rula.

"Bwana Chambuso, samahani kaka yangu. Siku hizi mgeni rasmi anafuata nyuma ya mwananchi?"

"Nani kasema hivyo?"

"Ratiba. Huyu mzee anadungwa, Waziri anampigia makofi. Nimeshangaa tu. Utepe huwa anaanza nani kukata?"

"Waziri."

"Mti, nani anaanza kupanda?"

"Waziri."

"Na pilau?"

Bwana Chambuso akaishusha rula. Mwaka juzi mtu mmoja alionja pilau kabla ya Waziri. Mpaka leo yuko mpakani anahesabu tembo. Akakimbilia kwa mshereheshaji, na mara vipaza sauti vikanguruma: "Ndugu wananchi! Mgeni rasmi atatuongoza kwa kudungwa yeye wa kwanza!"

Uwanja ukalipuka kwa makofi. Waziri akalitazama bomba. Alijua jambo ambalo umati haukulijua, kwamba yeye hana kisukari. Na alijua lingine, kwa sababu Profesa aliwahi kumnong'oneza, kile ambacho dawa ile humfanya mtu asiye nacho. Akasimama.

"Ndugu wananchi, itifaki imezingatiwa. Hakuna mtu katika nchi hii anayeitamani sindano hii kuliko mimi. Nimekuwa nikiiota. Lakini nimepokea simu sasa hivi," na simu yake ilikuwa kwa msaidizi, imezimwa, "naitwa juu. Naibu wangu ataniwakilisha."

Naibu Waziri alisimama na kusema kwamba naye anaitwa juu, si juu kama kwa Waziri, juu ya wastani. Akamwachia Katibu Mkuu. Katibu Mkuu akakumbuka msiba, ila ilibidi amuulize karani wake ni wa nani. Akamwachia Mkuu wa Mkoa, na Mkuu wa Mkoa, ili kuokoa muda wa taifa, akazimia kabla ya kudungwa. Magari yakawa yanaondoka moja moja. Uwakilishi ukateremka hadi kwa Profesa Mashombo.

"Mtafiti hawezi kujitafiti," akasema Profesa, jasho likimtiririka. Akageuka kulia na kushoto. Akamwona Mzee Feruzi. "Bwana Chambuso! Si huyu mzee atadungwa hata hivyo? Basi adungwe kama mgeni rasmi, tumalize twende tukale."

Bwana Chambuso akapekua kitabu chake. Hakuna palipokataza. Akamchomeka Mzee Feruzi ua la kitambaa kifuani, akainama. "Karibu, Mheshimiwa."

Mzee Feruzi aliyebeba barua za Wizara miaka thelathini na moja alikuwa amezisoma zote njiani. Akainuka kwenye kiti cha plastiki, akajinyoosha koti.

"Ina maana mimi sasa ndiye mgeni rasmi?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Kamili? Si nusu?"

"Kamili, Mheshimiwa. Anayemwakilisha Waziri ndiye Waziri."

"Nimeteuliwa saa ngapi?"

"Dakika hii hii."

"Na mnataka nianze dakika hii hii?" Mzee akapandisha sauti, na kipaza sauti kikaichukua. "Mnataka kuniaibisha mbele ya taifa? Mgeni rasmi gani anawahi? Umesikia wapi?"

Uwanja mzima ukaguna. Kweli, haikuwahi kutokea. Bwana Chambuso akaomba radhi mara tatu, akampeleka mwenyewe hadi kwenye gari jeusi la akiba la msafara, akamfungulia mlango. Pikipiki mbili mbele, king'ora. Na Itifaki, kwa kuwa mgeni rasmi alikuwa bado hajafika, ikaleta chai.

Mwantumu alibaki na sinia lake jukwaani, akikisikiliza king'ora kikielekea stesheni.

Ilipofika saa kumi na moja kikasikika tena. Mzee Feruzi akashuka garini kama aliyezaliwa humo, na nyuma yake, ameshikwa mikono na askari wawili, akashuka Bi Siwema kwa kanga yake mpya. Mzee akapanda jukwaani. "Ndugu wananchi," akasema, "natamka rasmi kwamba dawa hii imezinduliwa. Mzima asidungwe. Mgonjwa asinyimwe. Na wa kwanza ni mke wangu." Bomba la ng'ombe likatupwa, Mwantumu akatoa la watu, akampimia mama yake kipimo chake kwa mkono usiotikisika. Makasha yakafunguliwa, na watu wenye sukari ya kweli, wale wasiogunduliwa na mtu, wakapanga foleni mpaka nje ya lango, na kila mmoja akaondoka na—

*

"Mzee, hapo simama."

Niwaambie ukweli, hadithi hii kabla sijaiandika niliisimulia kwenye kliniki ya sukari ya hospitali yetu, Jumatano moja, tukiwa kwenye benchi tunasubiri dirisha la dawa lifunguliwe. Aliyenikatiza ni Bi Nyamizi, nesi mstaafu, mguu wake wa kushoto umefungwa bendeji hadi gotini.

"Nisimame wapi, Bi Nyamizi?"

"Hapo kwenye kurudi. Mpaka hapo nilikuwa nakuamini neno kwa neno. Lifti, chai, kinasaba cha kuchelewa, bomba la ng'ombe, yote nimeyakubali. Lakini mimi nimehudumu serikalini miaka thelathini na saba. Msafara nimeuona ukienda. Ukirudi sijauona. Mzee kashaokoa roho yake, kashafika kwake. Arudi kwenye sindano kufanya nini?"

"Kumletea mkewe dawa."

"Haya. Makasha yalifunguliwa na nani? Kufuli umezitaja wewe mwenyewe. Funguo alikuwa nazo nani?"

"Waziri," nikasema kwa sauti ndogo.

"Na Waziri alikuwa wapi?"

"Ameitwa juu."

Benchi zima likanigeukia.

"Sema, mzee," akasema Bi Nyamizi. Hakuwa amekasirika.

Ikabidi niseme. Mzee Feruzi hakurudi. Alishuka kwake, akafunga mlango kwa komeo, akakaa kitandani kwa mkewe na koti lake vilevile. Uwanjani walimsubiri hadi jua likazama, na hakuna aliyeshangaa, maana mgeni rasmi huchelewa. Kisha makasha mia tatu yakarudishwa kwenye chumba cha baridi, yakafungwa utepe mpya, yakasubiri uzinduzi wa pili. Profesa alitunukiwa nishani, kwa kuwa katika wagonjwa wote wa mradi wake hakuna hata mmoja aliyekufa.

"Na ile ya kwenye sinia?" akauliza mtu. "Ile chupa moja?"

Ile Mwantumu aliificha ndani ya gauni. Taasisi iliandika kwamba imeyeyuka kwa joto.

"Ilimfikisha wapi mama yake?"

"Siku ishirini na sita."

"Na baada ya hapo?"

"Mwantumu alikwenda kwenye dirisha," nikasema. "Kila asubuhi. Akaambiwa dawa ipo."

Bi Nyamizi akaushika mguu wake kwa mikono miwili, akauhamisha upande mwingine kama mtu anayehamisha kifurushi.

"Alizikwa lini?"

"Jumamosi."

Benchi la kliniki yetu lina sheria yake, na sheria ile haisubiri kuzinduliwa: anayeshikwa kwenye uongo anarudi mwisho wa foleni. Mimi nilikuwa namba saba. Nikatoa kipande changu cha boksi chenye namba, nikamkabidhi Bi Nyamizi, aliyekuwa na thelathini na tatu, naye akakipokea bila kunishukuru, kwa haki yake. Nikaipita safu nzima nikijishikilia ukutani, nikakaa nyuma ya mtu wa sitini na moja, nyayo zikiniwaka moto. Hakuna aliyenicheka.